Elimu ya afya ya uzazi isiwaruke wanafunzi wenye ulemavu

Vyuo vikuu vyetu vinapopokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza, mara nyingi huwapo mtoa mada wa afya ya uzazi: VVU, uzazi wa mpango, rushwa ya ngono. Kiziwi aliyeketi mstari wa mbele bila mkalimani wa lugha ya alama huambulia midomo inayochezacheza na vicheko vya wenzake. Asiyeona hupewa kipeperushi kama wengine, akabaki kukikunjakunja mpaka apate wa kumsomea. Na atamwomba nani amsomee namna ya kuvaa kondomu, au dalili za kisonono anazozihisi mwilini mwake?

Kiini cha jambo ni siri. Kiziwi anayekwenda zahanati na mwanadarasa mwenzake ili amfasirie, hamwelezi daktari kila kitu. Hurudi bwenini na ugonjwa wake.

Wapo wanaodhani mtu mwenye ulemavu hana haja ya mapenzi. Dhana hiyo ni ya uongo, na inaumiza, kwa kuwa wanaowanyemelea wanafunzi hawa kwa ukatili hawaiamini hata kidogo.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 25 inataja waziwazi afya ya uzazi. Tunavitaka vyuo vitenge fedha za wakalimani wanaobanwa na kiapo cha siri, na vipeperushi vya nukta nundu na vya sauti, kabla ya mwaka mpya wa masomo kufunguliwa.