Nani atuchagulie nyanya?

UMEZUKA katika miji yetu mtindo wa kununua vyakula kwa simu. Mtumishi akiwa ofisini, au mwalimu akiwa amepumzika baada ya kipindi cha mwisho, hufungua simu yake, hupitia picha za unga, mchele, mafuta na mboga, hugusa anavyovitaka, hulipa kwa pesa za mtandao, na baada ya saa moja au mbili kijana wa pikipiki hupiga hodi akiwa na mfuko. Upo pia mtindo uliotangulia, ambao nao kwetu si wa zamani sana: kwenda mwenyewe katika supamaketi ya jirani, kusukuma toroli baina ya rafu na kupanga foleni mbele ya keshia. Mabishano juu ya upi ulio bora yamekuwa mengi, na kwa kawaida huishia kwenye masuala ya uvivu na maringo. Wanaokwenda dukani huwaona wenzao kuwa wamejitakia ubwana. Wanaoagiza huwaona wenzao kuwa wamebaki nyuma. Hoja za namna hiyo hazitufikishi popote.

Jambo ambalo mabishano hayo huliruka ni kwamba ndani ya kila ununuzi wa chakula imo kazi ya kuchagua, na kazi hiyo lazima mtu aifanye. Mama anayenunua nazi huitikisa karibu na sikio lake ili asikie maji. Anayenunua samaki hufunua matamvua kuona kama bado ni mekundu. Mchele hunuswa, kisha gao moja humwagwa kiganjani ili yahesabiwe mawe. Nyanya hubonyezwa, hata kama muuzaji anakunja uso. Bidhaa za pakiti nazo zina mambo yake. Mwenye duka hupanga mbele ya rafu maziwa yanayokaribia kwisha muda, na yale mapya huyasukuma nyuma. Hilo ni halali kabisa, maana asipofanya hivyo ya zamani yatamharibikia. Lakini mnunuzi anayejua hupeleka mkono nyuma. Maarifa haya hayafundishwi katika chuo chochote, nayo yameokoa mishahara mingi midogo.

Inafaa tukumbuke kwamba haki hiyo ya kupeleka mkono nyuma ya rafu haikuwapo tangu mwanzo. Duka la kwanza la kujihudumia la mtindo tunaoujua lilifunguliwa mwaka 1916 katika mji wa Memphis, Marekani, na mfanyabiashara aitwaye Clarence Saunders, aliyelipa jina la Piggly Wiggly. Kabla ya hapo mnunuzi alisimama mbele ya kaunta, akataja shida zake, na karani akamletea alichoona kinafaa. Saunders alifanya hivyo ili apunguze gharama za makarani, wala hakuwa akimpigania mnunuzi. Hata hivyo matokeo yake yalikuwa kwamba mnunuzi alivuka kaunta na kushika bidhaa kwa mikono yake mwenyewe.

Kwetu kaunta ilidumu muda mrefu zaidi. Wazee wetu wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, wakati wa uhaba, ambapo mtu alipanga foleni tangu alfajiri kwa ajili ya sukari na sabuni, na aliyesimama upande wa pili ndiye aliyeamua nani apate, apate kiasi gani, na nani aambiwe kwamba mali imekwisha. Aliyeyapitia hayo hahitaji kuelezwa uzito wa kuchaguliwa na mtu mwingine.

Sasa programu ya simu, pamoja na rangi zake zote, inaturudisha mbele ya kaunta. Tofauti ni kwamba safari hii kaunta haionekani, wala karani hatumjui. Picha ya nyanya iliyomo katika simu si picha ya nyanya zitakazoletwa. Ni nyanya moja nzuri iliyopigwa picha siku moja, ikabaki hapo. Anayekwenda kwenye rafu kwa niaba yetu ni kijana ambaye kazi yake hupimwa kwa haraka yake. Ana orodha za watu kadhaa mkononi, na atachukua kilicho mbele. Kilichokosekana atakibadili kwa kinachofanana, ambacho mara nyingi huwa ni cha bei ya juu zaidi au cha aina ambayo watoto nyumbani hawaili. Haina maana ya kumlaumu kijana huyo. Hakuna aliyemwambia kwamba bibi wa nyumba hiyo ana kisukari, au kwamba unga ule ndio pekee usiomsumbua mtoto tumbo.

Lakini haki isemwe kwa pande zote mbili. Supamaketi si mahali patakatifu. Mara nyingi sukari, unga na mkate huwekwa mwisho kabisa wa duka, ili anayevifuata apite mbele ya biskuti na manukato. Peremende hupangwa karibu na keshia, kwa kimo cha macho ya mtoto wa miaka mitano, na mzazi yeyote aliyewahi kusimama hapo na mtoto analijua deni lake. Mtu aliyeingia kwa ajili ya vitu vitatu hutoka na tisa. Katika simu, kinyume chake, jumla huonekana ikipanda kwa kila kitu kinachoongezwa, na mtu anaweza kuondoa kitu bila ya kutazamwa na foleni nzima. Kwa mwalimu anayeugawanya mshahara wake kwa wiki nne, hilo si jambo dogo.

Tena iko faida iliyo kubwa kuliko hiyo. Moja ya manunuzi ya kwanza kabisa ya chakula kwa mtambo kutoka nyumbani yalifanyika mwezi Mei 1984 katika mji wa Gateshead, kaskazini mwa Uingereza. Aliyeagiza alikuwa Bibi Jane Snowball, mwenye umri wa miaka 72. Akiwa amekaa kitini kwake alitumia televisheni iliyounganishwa na waya wa simu, kwa ufundi uliobuniwa na mhandisi Michael Aldrich, akaagiza siagi ya mimea, mayai na pakiti ya nafaka kutoka duka la Tesco. La kuzingatia hapa ni kwamba huduma hiyo ilianzishwa kwa kushirikiana na halmashauri ya mji, na walengwa wake walikuwa wazee na watu wasioweza kutembea. Wazo la kuletewa chakula kwa mtambo lilipata nafasi yake ya mwanzo kama msaada kwa wanyonge. Baadaye ndipo wafanyabiashara wakaligeuza kuwa anasa ya watu wenye haraka.

Kwetu wapo akina Bibi Snowball wengi. Yupo mstaafu anayeishi peke yake, mama aliyejifungua juzi, mlemavu ambaye mlango wa supamaketi una ngazi lakini hauna njia ya kiti chake. Yupo na mtumishi aliyehamia Dodoma, anayetoka ofisini Mtumba jioni na kukuta jua limekwisha kuzama. Hao wakiletewa chakula, anayewaita wavivu amekosa adabu.

Tukija kwenye fedha, watu wengi huuliza kama bei ya mtandaoni ni sawa na ya dukani. Swali hilo ni la nusu. Inabidi aulizie bei ya mlangoni, yaani bei ya bidhaa pamoja na ada ya kuleta, pamoja na ada ya huduma ambayo baadhi ya kampuni huiongeza chini kabisa ya hesabu. Tuchukue mfano wa ada ya shilingi 3,000. Kwa anayeagiza vitu vya shilingi 15,000, ada hiyo ni asilimia 20. Kwa anayeagiza vya shilingi 150,000, ni asilimia 2 tu. Kwa maneno mengine, mwenye kapu dogo ndiye anayelipa zaidi. Kwa upande wa pili nauli ya daladala, au pikipiki ya kurudia na mizigo, nayo ihesabiwe. Wengi huisahau kwa sababu haiandikwi kwenye risiti.

Ipo njia ambayo sijaona ikitumiwa vya kutosha katika shule na ofisi zetu. Walimu sita wa shule moja, kila mmoja akiagiza peke yake vitu vya shilingi 25,000, watalipa ada ya shilingi 18,000 kwa jumla. Wakiunganisha orodha zao kuwa agizo moja na kuletewa shuleni, watalipa 3,000, yaani shilingi 500 kila mmoja. Hata mzigo ukiwa mkubwa ikabidi uletwe kwa bajaji na ada ikapanda maradufu, bado kila mmoja atatoa shilingi 1,000. Tena mzigo ukifika, macho sita yataukagua, na nyanya mbovu haitapita.

Hapo ada ilipotajwa ndipo anapoingia kijana wa pikipiki, ambaye katika mabishano haya hutajwa tu kwa kuchelewa kwake. Petroli mara nyingi ni yake, matengenezo ni yake, na mvua ni yake. Akianguka, mguu ni wake pia, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili inawajua vema vijana wa kazi hiyo. Mwaka 2022 mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, iliweka kikomo cha asilimia 15 kwa kamisheni ambayo kampuni za mitandao ziliruhusiwa kuwakata madereva wa abiria. Uber ilisimamisha huduma zake mwezi Aprili, na Januari 2023, baada ya kikomo kupandishwa hadi asilimia 25, ikarejea. Mkasa huo ulihusu abiria, lakini aliyeutazama kwa makini amejifunza kwamba huduma ya mtandao inayoonekana rahisi kwa mteja husimama juu ya mgawanyo fulani wa fedha, na kwamba mgawanyo huo unaweza kubishaniwa. Mteja anayo haki ya kujua katika ile shilingi 3,000 aliyotoa ni ngapi zilizofika mikononi mwa aliyeendesha.

Wapo wanaoamini kwamba, tupende tusipende, maduka yatakufa na mtandao utabaki. Historia haikubaliani nao. Kule Marekani kampuni ya Webvan, iliyoanzishwa mwaka 1996, ilijenga maghala makubwa ya kupeleka vyakula majumbani na ikafilisika Julai 2001. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania mwezi Novemba 2019, na mwishoni mwa 2023 ikaacha kabisa biashara ya kupeleka vyakula, ikiwa ni pamoja na Kenya na Uganda. Copia ya Kenya, iliyowapelekea watu wa vijijini bidhaa kupitia kwa mawakala, iliwekwa chini ya wasimamizi Mei 2024. Lakini nayo maduka makubwa hayakuwa imara zaidi. Shoprite iliyauza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt mwaka 2014. Uchumi ikafunga milango yake hapa mwaka 2015. Na Nakumatt yenyewe ikawekwa chini ya msimamizi Januari 2018, ikiwa na madeni makubwa kwa waliokuwa wakiiletea mali. Kumfikishia mtu mkate mmoja kwa faida ni kazi ngumu, na kulipa pango la jengo kubwa ni kazi ngumu vilevile. Waliobaki muda wote huo ni genge la mboga na duka la Mangi, ambaye humkopesha mwalimu kwa daftari hadi mwisho wa mwezi. Hilo hakuna programu iliyoliweza.

Kwa hiyo nyumba yenye busara itagawanya manunuzi yake. Unga, mchele wa mfuko, mafuta, sabuni na chumvi, ambavyo pakiti moja haina tofauti na nyingine, viagizwe bila ya wasiwasi, tena kwa wingi na kwa pamoja. Samaki, nyama, mboga na matunda mtu akavitazame mwenyewe akiweza.

Kwa wale wasioweza, na ndio wanaoihitaji huduma hii kuliko sisi wengine, haitoshi kuwaambia wavumilie. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 imezipa nyumba namba na barabara majina, hata mpeleka mzigo hana tena haja ya kuelekezwa kwenye mwembe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihusu kampuni hizi pia, maana orodha ya vyakula vya mtu humweleza mgeni ugonjwa wake, dini yake na siku anayopokea mshahara. Kilichobaki ni mambo ya kawaida ya duka: bidhaa isibadilishwe bila ya mnunuzi kupigiwa simu, risiti ya kodi ifike pamoja na mfuko, na kilichooza kirudishwe bila ya ada ya pili.

Iko pia mizani. Wakala wa Vipimo hukagua mizani za sokoni na za madukani, lakini kilo ya nyama inayofika nyumbani imepimwa mahali ambapo mnunuzi hakuwapo. Mizani ndogo ya mkono, iliyokaguliwa na kupigwa muhuri, haiwezi kuishinda kampuni yenye uwezo wa kununua matangazo barabarani. Ipakiwe pamoja na mzigo, ili mzee akitaka, nyama yake ipimwe pale pale mlangoni, kabla kijana hajawasha pikipiki.