Kubadili Matini kwa Kompyuta: Ngeli Kabla ya Programu

Wanafunzi wetu wa isimu hubishana: matini yasahihishwe kwa Perl, iliyoundwa na Larry Wall mwaka 1987, ama kwa Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991? Kwa maoni yetu, ubishi huo umepotoka.

Tuchukue matini yaliyokusanywa Moshi. Ukiamuru kila "moshi" iandikwe kwa herufi kubwa, moshi wa kuni nao utageuka mji. Ukiamuru "kiti" iwe "meza", utapata "meza kizuri kimevunjika", kwani upatanisho wa ngeli haukuguswa. Kosa ni lilelile katika lugha zote mbili za programu.

Hatari kubwa zaidi imo katika masimulizi ya Kichaga. Wasemaji wa Machame, Vunjo na Rombo hawatamki maneno kwa namna moja. Mtafiti anayesawazisha tahajia kwa amri moja, akahifadhi juu ya faili asilia, amefuta ushahidi wa lahaja. Na pengine mzee aliyesimulia hayupo tena.

Hivyo basi, nakala asilia isiguswe, na kila kanuni ya ubadilishaji iwekwe katika maandishi. Mtafiti aulizwe kwanza juu ya mofolojia, ndipo aulizwe juu ya programu.