Kwenda kwa Miguu Si Kupunga Hewa

Lugha yetu ya Kiswahili ina hekima ya kutenganisha mambo mawili ambayo wapangaji wa miji huyachanganya. Kuna kwenda kwa miguu, nako ni kwenda kazini, shuleni, sokoni au hospitalini. Kisha kuna kutoka kupunga hewa, yaani matembezi ya kuburudisha roho, ambayo mtu akiyaacha hapotezi ujira wala kipindi cha hesabu.

Nayasema haya kwa sababu kila tunapodai njia za waendao kwa miguu jijini Nairobi, hujibiwa kwamba mbona watu wanatembea tu, tena kwa maelfu? Jibu hilo halina msingi. Ni kweli kwamba takribani asilimia 40 ya safari za jiji hili hufanywa kwa miguu. Lakini watokao Kibera alfajiri kuelekea Eneo la Viwanda hawakuvutiwa na njia, wamekosa nauli. Mtu wa namna hiyo atapita kando ya mtaro uliofurika, atapita penye giza, atavuka barabara mbio, maadamu ni lazima afike. Wingi wake ni ushahidi wa ufukara, wala si wa uzuri wa njia.

Ukitaka kujua mtaa ulivyo, ndugu msomaji, tazama matembezi ya hiari. Msitu wa Karura, ambao marehemu Profesa Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa wakiutetea Januari 1999, leo una vijia vyenye vivuli na walinzi langoni, na watu huenda kwa furaha. Hata hivyo, msitu huo umepakana na Muthaiga na Runda, na kuingia ni kwa ada. Je, mzazi wa Mukuru mwenye watoto wanne alipe nauli, kisha alipe langoni, ndipo awaonyeshe wanawe mti?

Hali hii haikuzuka yenyewe. Wakoloni waliugawa mji kwa rangi: Wazungu wakatwaa nyanda zilizoinuka za magharibi na kaskazini, Waafrika wakabanwa mashariki, karibu na reli na viwanda. Baada ya Uhuru sheria za rangi ziliondoka, ramani ikabaki. Nasi tukaongeza yetu. Barabara ya kulipia itokayo Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, ilianza kutumika mwaka wa 2022. Ilipojengwa, miti mingi iliyowatilia kivuli wapita njia ilikatwa.

Maandishi hatukosi. Sera ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka wa 2015 iliahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa waendao kwa miguu, waendesha baiskeli na uchukuzi wa umma. Wakati huo huo, waendao kwa miguu ndio wafao zaidi barabarani nchini Kenya, kuliko madereva na kuliko abiria, na wengine wao wamevaa sare za shule.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu. Mwalimu wa Jiografia na awatume wanafunzi wake wachore njia kutoka langoni mwa shule hadi nyumbani: njia inapokatika, penye taa, penye mti, na mahali wanapolazimika kukimbia. Ramani hizo wampelekee mwakilishi wa wadi yao, wamwulize ile asilimia 20 ilikwenda wapi.