Eti maji ya Vuga hayatabiriki!

Jamani, kuna visingizio vinachosha. Majuzi nilikuwa Vuga, yalikokuwa makao ya Kimweri ye Nyumbai. Nikamuuliza afisa mmoja (jina namstahi) kwa nini mito ya huku haizalishi umeme wa gridi. Akacheka. "Mdogo wangu, masika maji yanafurika, kiangazi yanakauka. Gridi haitaki kubahatisha."

Hoja hiyo ilikuwa na uzito zamani. Gridi yetu inataka mizunguko 50 kwa sekunde, basi. Jenereta ya kizamani ikiungwa nayo moja kwa moja, lazima izunguke kwa kasi ileile, maji yawe mengi au kiduchu. Ni kama dereva anayepanda kona za Mombo hadi Soni kwa gia moja!

Siku hizi kuna jenereta za mwendo unaobadilika. Mtambo unazunguka kadiri nguvu ilivyo, halafu vifaa vya elektroniki vinageuza umeme huo uwe wa mizunguko 50. Haziongezi hata tone la maji, tukubaliane. Ila kidogo kilichopo hakipotei ovyo, hata kwa turbini rahisi ambayo mapanga yake hayarekebishiki.

Ndoto? Waulizeni Wakenya. Pale Ziwa Turkana kuna mitambo ya upepo 365, MW 310, yote ya mwendo unaobadilika. Na upepo ni kigeugeu kuliko mto wowote! Mitambo ilikuwa tayari 2017, ikaingia kwenye gridi 2018. Kilichoichelewesha ni njia ya kusafirishia umeme, si jenereta.

Hata kwetu, Mwenga kule Mufindi walianza na MW 4 za maji mwaka 2012. Mwaka 2020 wakaongeza MW 2.4 za upepo, zisaidie kiangazi mto ukipungua.

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Maji ya Soni yanashuka Mkomazi, yanaingia Pangani, yanafika Hale na New Pangani Falls. Huko yanafaa kuzalisha umeme. Yakiwa bado mlimani kwa wenyewe, eti hayatabiriki!

Sisemi kila kijito kifungwe jenereta. Nauliza tu: mito ya Vuga ilipimwa lini, na vipimo viko wapi? Kama haitoshi, tuonyesheni takwimu, nitanyamaza. Kama haijapimwa, basi kigeugeu si maji. Ni sisi.