Urefu peke yake hauleti kombe: ulinzi na wachezaji wa kazi nyingi

Msikilizaji, jioni ukipita kwenye uwanja wa mpira wa kikapu wa shule hapa Tabora, mara nyingi utamwona kijana mrefu amewekwa chini ya goli na kuambiwa asitoke hapo. Je, hiyo ndiyo njia ya kupata ubingwa?

Tuanze na Mtanzania mwenzetu, Hasheem Thabeet, mwenye urefu wa takribani mita 2.2. Akiwa Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, alisifika kwa kupangua mitupo. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua akiwa namba mbili, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Lakini hakudumu sana. Mchezo ulikuwa unabadilika: timu zilizidi kutupa kutoka mbali, kutafuta pointi tatu. Mlinzi mrefu akawa analazimika kutoka nje kumkaba mtu mwepesi.

Jirani yetu wa Kongo, marehemu Dikembe Mutombo, alikuwa mlinzi bora wa NBA mara nne. Alifika fainali mwaka 2001 na 2003, lakini alistaafu bila kombe. Ukuta mmoja, hata uwe imara vipi, haufanyi nyumba.

Sasa tazama Oklahoma City Thunder, timu ambayo Thabeet aliwahi kuichezea. Msimu wa 2024/25 walishinda michezo 68 kati ya 82, kisha wakawafunga Indiana Pacers 4-3 kwenye fainali. Silaha yao ilikuwa ulinzi wa watu wote watano: kukaba, kunyang'anya mpira na kubadilishana watu bila kuacha pengo. Chet Holmgren, ambaye ni mrefu sana, hulinda goli, na pia hutupa pointi tatu.

Kwa nini ulinzi una uzito huo? Mkono wa mtupaji una siku zake. Leo mipira inaingia, kesho inagoma. Bidii ya kukaba haitegemei bahati. Na mchezaji anayeweza kazi zaidi ya moja humwezesha kocha kubadili mpango bila kufanya mabadiliko ya wachezaji.

Sisi wa Unyamwezi hatuhitaji kufundishwa hili upya. Misafara ya zamani kutoka hapa kwenda Ujiji au Bagamoyo ilihitaji watu wa kubeba, kulinda na kuongoza njia.

Kwa hiyo, mwalimu wa michezo unayeandaa timu ya UMISSETA, mfundishe huyo kijana mrefu kudunda mpira, kupasi na kukaba nje. Mfupi naye ajifunze kuweka mwili na kugombea mpira unaorudi. Tukimfunga mtoto kwenye kazi moja akiwa na miaka 14, tunaweza kumfungia mlango wa mbele, na kipaji kikaishia hapo hapo chini ya goli.