Viza ya Mzazi: Walimu Tunakosea Wapi?

Mwalimu wa kijijini hana likizo. Shule ikifungwa, wazee humjia na barua za kusomewa na fomu za kujaziwa. Katika Kisii na Nyamira imeongezeka kazi moja ambayo walimu waliotutangulia hawakuijua sana, nayo ni kumtayarishia mzazi safari ya kumzuru mwanawe ng'ambo, hasa Marekani. Vijana wetu wengi wamelowea jimbo la Minnesota, katika miji kama Brooklyn Park, wakiuguza wagonjwa na kuwatunza wazee wa watu, ilhali wazee wao wenyewe wamebaki huku wakiwajua wajukuu kwa picha tu.

Nayasema haya nikijua fika kwamba nina lawama. Shangazi yangu, mjane mkulima wa chai karibu na Kebirigo, alinyimwa viza mara mbili, na mara zote mbili aliyeijaza fomu ni mimi.

Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya Marekani ya mwaka 1952, katika kifungu cha 214(b), humchukulia kila aombaye viza ya matembezi kuwa ni mhamiaji mpaka amridhishe afisa kwamba sivyo. Mzigo wa kuthibitisha ameachiwa mwombaji. Naungama kuwa sheria hii naiona ngumu: mama ambaye hata kulala Nairobi humchosha anashukiwa kutaka kuihama nchi yake! Hata hivyo, yafaa tulisikilize vyema swali lenyewe kabla ya kulijibu. Sheria haiulizi kama binti ana uwezo wa kumlisha mamaye. Yauliza, huyu mama ana nini kitakachomrudisha kwao?

Sisi tulijibu swali ambalo hatukuulizwa. Mara ya kwanza nilimfungia shangazi bahasha nene: hati za mshahara wa binti yake, picha za nyumba yake yenye vyumba vinne, taarifa za benki yake, na barua ya mwaliko iliyogongwa muhuri wa wakili. Hati za shangazi mwenyewe zilikuwa mbili tu, kitambulisho na pasipoti. Baadaye ndipo nilipokuja kusoma kwamba Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani yenyewe hueleza kuwa barua ya mwaliko na hati ya kudhaminiwa hazihitajiki kwa viza hii. Isitoshe, kadiri nilivyoisifu neema ya binti, ndivyo nilivyozidi kuonyesha kwa nini mama asingetaka kurudi.

Mara ya pili nilifanya vibaya zaidi. Wakala mmoja wa mjini, mwenye tai na maneno matamu, alituambia kwamba kasoro yetu ilikuwa akaunti tupu. Tukakopa pesa hapa na pale, tukaziweka katika akaunti ya shangazi juma moja kabla ya mahojiano. Alipoulizwa dirishani pesa hizo zilitoka wapi, alisema kweli kwamba ni za kuazima. Angesema nini tena? Wakala huyo huyo alitaka tujibu "hapana" pale fomu inapouliza kama mwombaji amewahi kunyimwa viza. Hapo shangazi alikataa katakata. "Vidole vyangu walivichukua mara ya kwanza," alisema, "sasa nikane vidole vyangu?" Asiyesoma alimshinda msomi, kwa maana kuwadanganya maafisa hao kwa makusudi kunaweza kumfungia mtu mlango maisha yake yote, ambapo kunyimwa kwa kifungu kile hakumzuii kuomba tena wakati wowote.

Kuomba tena, lakini, si bure. Kunyimwa huko hakuna rufani. Mtu huanza upya na kulipa upya. Ada ilipandishwa kutoka dola 160 hadi dola 185 mwezi Juni 2023, nayo hairudishwi. Ongeza nauli ya basi la usiku kupitia Keroka na Narok, ndipo utakapojua kwa nini mzee mwingine akinyimwa mara moja hukata tamaa.

Kuna tabia yetu nyingine ya darasani ambayo yatupasa kuiacha mlangoni. Tumezoea kuwakaririsha watoto majibu ya mtihani, basi na wazee tunawakaririsha. Nanyi wanafunzi mnaowajazia nyanya zenu fomu kwenye simu mnaiga mtindo huo huo. Mzee akisimama mbele ya kioo, akaulizwa jambo ambalo halikuwamo katika majibu aliyofundishwa, hubabaika, na mtu anayebabaika kuhusu maisha yake mwenyewe hufanana sana na mwongo.

Mara ya tatu tulikaa na shangazi jikoni kwake tukamwuliza anachokiacha nyumbani. Alikuwa na risiti za chai za miaka mingi zenye nambari yake ya mkulima. Shamba lilikuwa bado kwa jina la marehemu mumewe, jambo la kawaida kwetu, lakini alikuwa ameanza kesi ya urithi mahakamani Nyamira na karatasi alikuwa nazo. Alikuwa mweka hazina wa akina mama kanisani. Tulihakikisha pia kwamba jina lake limeandikwa namna moja kila mahali, kwa kuwa herufi za majina ya wazee wetu hubadilika kutoka ofisi hadi ofisi.

Wako wasomaji watakaosema kwamba wapo wazazi waliosema kweli tupu na bado wakanyimwa. Ni kweli, nami nawajua. Afisa huamua kwa dakika chache, na mzee asiye na shamba wala risiti ana kazi ngumu kuliko shangazi yangu. Sina dawa ya hilo.

Shangazi aliulizwa, kwa Kiswahili, ni nani atakayechuma majani akiwa safarini. Akajibu kwamba ni mwana wa kaka yake, mwalimu, lakini hamwamini mtu huyo na kisu cha kupogolea, kwa hiyo hawezi kukaa sana. Afisa alicheka. Karatasi hazikutazamwa kabisa. Alikwenda mwezi wa Mei, akambeba mjukuu wake, na mwezi wa Septemba alikuwa amerudi, kabla bonasi ya chai haijalipwa.