Kocha wa shule ndogo naye aandikwe

Mwaka 1923 Cleveland Abbott alianza kufundisha mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi na kugongana vifua, katika chuo cha watu weusi cha Tuskegee, Alabama. Alikaa huko zaidi ya miaka 30, akashinda michezo zaidi ya 200. Alifundisha pia wasichana riadha. Alice Coachman, mwanamke mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki, London 1948, alipita mikononi mwake.

Tuskegee si jina geni kwetu. Tume ya Phelps-Stokes ilipozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924, Dk. Aggrey akiwa miongoni mwa wajumbe, ilisifia elimu ya namna ile, na shule zetu zikahimizwa kufundisha useremala, kilimo na afya. Majembe tuliyachukua. Daftari la michezo tukaliacha. Kwa maana jambo linalonishangaza kwa Abbott si ushindi wake, ni kwamba karibu miaka 100 baadaye bado unaweza kusoma matokeo yake msimu kwa msimu: alishinda mara ngapi, alifungwa mara ngapi, alitoka sare na nani.

Sasa njoo Jinja na Mbale. Ligi ya taifa ya Uganda ilipoanza mwaka 1968, miji hii miwili ilikuwa na timu zake kati ya nane za kwanza, pamoja na Magereza, Jeshi na Coffee. Mwaka 1976 Gangama ya Mbale ikatwaa Kombe la Uganda, na mwaka 1999 Mbale Heroes wakalirudisha mjini. Vikombe vinakumbukwa. Lakini simama nje ya uwanja wa Kakindu, au ule wa manispaa ya Mbale, uulize nani aliwafundisha wachezaji wale walipokuwa shuleni. Utapewa majina matatu na ubishi wa saa nzima.

Wapo watakaosema ni mambo ya wazee kutafuta sifa. Hapana, hapa pana pesa. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei inagawanywa kwa vilabu vilivyomlea kuanzia umri wa miaka 12 hadi 23. Kanuni inazungumzia vilabu, kwa hiyo shule inayotaka fungu lake ni lazima kwanza ihakikishe timu yake inatambuliwa na shirikisho. Hata ikifanya hivyo, bila karatasi inayoonyesha mtoto alicheza wapi na mwaka gani, itadai kwa ushahidi upi?

Na watoto wanahama sana. Mwalimu wa shule ya chini ya Mlima Elgon anamwona kijana akiwa kidato cha kwanza, anamnunulia viatu kwa mshahara wake, na kufikia kidato cha tatu shule kubwa yenye jina imemchukua kwa ahadi ya karo. Mimi simlaumu mzazi. Karo ni karo, na mtoto wa mkulima akipata bweni na masomo bure aende. Ninachokataa ni aende kama mtu aliyeokotwa njiani.

Mashindano ya FEASSSA, ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, yalifika huku kwetu Mbale na Bukedea mwaka 2024. Kila mchezaji hupitia usajili na kuonyesha vyeti vyake. Kuongeza mistari miwili, shule uliyotoka na mwalimu aliyekufundisha, hakuhitaji bajeti wala kikao cha mawaziri Arusha. Fomu ikiwa moja kwa Kakamega, Mwanza, Huye na Jinja, mwalimu wa Mbale ataweza kumfuatilia kijana wake hata akivuka Malaba.

Shuleni kwenyewe kinachotakiwa ni daftari la kurasa 100, lenye tarehe, matokeo, majina ya waliocheza na sahihi ya mwalimu, likikaa ofisi ya mkuu wa shule. Lisikae nyumbani kwa mwalimu, maana akipata uhamisho litaondoka na masanduku yake.